Bili ya Maji na Deni la Miaka Kumi

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)

Wasikilizaji wapenzi, wazee wetu walikwisha kusema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa watu huvaa vizuri, hupiga picha, hukata utepe na kupeana mikono. Siku ya kulipa kila mtu hutazama chini, na aghalabu yule aliyekata utepe huwa amekwisha kuhamishwa au amekwisha kustaafu. Juma hili nataka tuzungumze juu ya mkopo mmoja ambao walipaji wake walio wengi hawakutia sahihi karatasi yoyote. Walipaji hao ni watu wa Tanga ambao kila asubuhi hufungua bomba, hukinga ndoo, na mwezi ukiisha hupokea bili.

Sisemi hivi kwa kulaumu. Nitaeleza baadaye kwa nini mkopo huo, kwa maoni yangu, una adabu kuliko mikopo mingi tuliyoizoea. Lakini kwanza tuelewane ni jambo gani lililofanyika.

Mwezi Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Tanga UWASA, iliingia sokoni kuuza hatifungani. Hatifungani ni hati ya deni. Anayeinunua humkopesha anayeiuza, naye muuzaji huahidi kulipa riba kwa vipindi vilivyotajwa na kurudisha fedha zote muda ukifika. Serikali Kuu imekuwa ikiuza hati za namna hiyo kwa miaka mingi, na mabenki nayo yameuza. Jambo jipya hapa lilikuwa kwamba muuzaji ni mamlaka ya maji, isiyo na biashara nyingine ila maji na huduma ya majitaka. Ilitaka shilingi bilioni 53.12. Riba ilikuwa asilimia 13.5 kwa mwaka, kulipwa mara mbili kila mwaka, na muda wa deni ni miaka 10. Mauzo yalipofungwa zilikuwa zimepatikana shilingi bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya kile kilichoombwa. Mwezi Mei mwaka huo huo hati hizo zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilitangazwa kuwa ni mara ya kwanza katika Afrika Mashariki kwa taasisi ya umma iliyo chini ya Serikali Kuu kukopa sokoni kwa kutegemea mapato yake yenyewe.

Msikilizaji ataniuliza: mambo ya soko la hisa yanahusu nini na jua na mvua? Yanahusu, kwa sababu hatifungani hiyo iliitwa ya kijani. Maana ya kijani ni kwamba fedha zake zimefungwa kamba. Haziruhusiwi kununua magari ya wakubwa wala kulipia posho za semina. Ni za kazi zinazohifadhi mazingira au zinazowasaidia watu kustahimili mabadiliko ya tabianchi, na mkopaji hutakiwa kutoa taarifa ya jinsi alivyozitumia. Kwa Tanga, shabaha kubwa ilikuwa kupanua mitambo ya kuchukua na kusafisha maji, ili uzalishaji upande kutoka mita za ujazo 42,000 hadi 60,000 kwa siku, na kupeleka mabomba kwa watu wengi zaidi.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa kwa nini kazi hiyo inaitwa kazi ya tabianchi. Mwezi Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua kiasi kwamba DAWASA ilitangaza mgawo wa maji. Tuliona madumu yamepangwa foleni, na wauza maji wa mkokoteni wakapandisha bei wapendavyo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Aprili 2024, nchi ile ile ilikuwa ikizika watu waliochukuliwa na maji. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua zilizoambatana na El Niño zilikuwa zimeua watu 155. Mapema mwezi Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu, ambayo haikuzoea vimbunga. Leo kiu, kesho gharika. Madaraja, mabwawa, mifereji na mabomba tuliyo nayo yalijengwa kwa hesabu ya mvua za zamani, na mvua za zamani hazipo tena.

Kwa hiyo kazi ni kubwa na haina ubishi. Ubishi uko katika swali moja: nani alipe?

Tukiondoa maneno ya wataalamu, taasisi ya umma katika nchi kama yetu ina mifuko minne tu ya kutia mkono. Tuitazame mmoja mmoja.

Mfuko wa kwanza ni kodi. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro lilizungumzwa kwa miongo mingi, tangu wengine wetu tukiwa hatujazaliwa. Hatimaye, baada ya kiu ile ya mwaka 2022, mkataba wa kulijenga ulitiwa sahihi mwezi Novemba mwaka huo. Bwawa limekadiriwa kuhifadhi lita bilioni 190, kwa gharama ya shilingi bilioni 329 kutoka hazina ya Serikali. Fedha za kodi hazina riba wala masharti ya mgeni, ila kodi ina wadai wengi mlangoni. Mwalimu anaidai, mgonjwa anaidai, barabara ya kijijini inaidai. Bwawa ambalo halitazaa matunda ila baada ya miaka mingi husukumwa nyuma ya foleni, mpaka mto ukauke.

Mfuko wa pili ni msaada usiorudishwa. Mnaopita Barabara ya Barack Obama pale ufukweni Dar es Salaam mmeuona ukuta unaozuia bahari isile barabara. Ukuta huo ulikamilika mwaka 2018, na sehemu kubwa ya fedha za mradi wake, takriban dola milioni 5, zilitoka katika Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi, uliozaliwa na mikataba ya Umoja wa Mataifa. Upo pia Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, wenye makao yake mji wa Songdo huko Korea Kusini. Mwaka 2017 mfuko huo uliidhinisha Euro milioni 102.7 kwa ajili ya kupeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, na Serikali ya Ujerumani ikaongeza kupitia benki yake ya maendeleo. Hizo ni fedha njema kabisa. Lakini tangu siku ya kuidhinishwa mpaka siku ya mkandarasi kuchimba mtaro ilipita miaka kadhaa, na katika miaka hiyo mama wa Simiyu aliendelea kuchota kisimani. Msaada wa mbali una baraka, ila miguu yake ni mizito.

Mfuko wa tatu ni mkopo nafuu kutoka kwa mabenki ya maendeleo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la mto Msimbazi, Hispania ikakopesha Euro milioni 30 na Uholanzi ikatoa msaada wa Euro milioni 30. Mkopo wa namna hii riba yake ni ndogo na miaka ya kulipa ni mingi. Hata hivyo naomba tukumbuke kisa cha Jangwani. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, kwa mradi uliogharamiwa na mkopo wa Benki hiyo hiyo, karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, katikati ya bonde ambalo kila mzee wa Magomeni anajua kwamba mto hupita hapo ukikasirika. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia karakanani na mabasi yakaharibika, si mara moja. Mabasi ni kitu kizuri kwa tabianchi, maana basi moja hubeba watu ambao wangejaza magari madogo mengi. Lakini mabasi yaliyozama hayambebi mtu. Sasa katika kazi za mradi wa Msimbazi imo ya kuihamisha karakana hiyo. Yaani mkopo wa pili unalipia kosa la mkopo wa kwanza, na yote miwili italipwa na mtoto anayesoma darasa la kwanza leo.

Mfuko wa nne ndio walioutia mkono watu wa Tanga: akiba ya Watanzania wenyewe na wawekezaji wengine, inayopatikana sokoni kwa riba ya soko. Tusidhani mfuko huo ni mtupu. Mwezi Februari 2025 Benki ya CRDB ilitangaza matokeo ya hatifungani yake ya miundombinu, iliyokusudiwa kuwalipa makandarasi wa barabara za TARURA. Ilitafutwa shilingi bilioni 150, zikapatikana bilioni 323. Mifuko ya pensheni inazo fedha, kampuni za bima zinazo, na hata watu binafsi waliochoka kuzika akiba katika viwanja wanazo. Wanachokitafuta ni mahali pa kuziweka penye riba na penye uaminifu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye adabu ya mkopo wa Tanga niliyoitaja mwanzoni. Kwanza, umekopwa kwa shilingi na utalipwa kwa shilingi. Anayekopa kwa dola hukopa vitu viwili kwa pamoja, fedha na wasiwasi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikwisha kupita shilingi 2,600. Deni la dola liliongezeka kwa mwenye mapato ya shilingi ilhali hakukopa senti mpya. Mteja wa maji wa Ngamiani hulipa bili yake kwa shilingi, na ni haki deni linalomtegemea lihesabiwe kwa shilingi.

Pili, hesabu zake ziko mezani. Mtu akitaka kuuza hatifungani kwa umma hana budi kufungua vitabu vyake: anapata kiasi gani, anapoteza kiasi gani, atalipa kwa nini. Kuna mikopo mingi iliyokopwa kwa jina letu ambayo mwananchi hajawahi kuona ukurasa wake hata mmoja. Huu wa Tanga, mwenye hamu angeweza kuusoma kabla haujakopwa.

Lakini adabu si bure. Riba ya asilimia 13.5 ni riba nzito. Chukua kalamu, msikilizaji, upige hesabu nami: asilimia 13.5 ya shilingi bilioni 53.12 ni zaidi ya shilingi bilioni 7. Hiyo ni riba ya mwaka wa kwanza peke yake, kabla hujarudisha hata shilingi moja ya mtaji. Na bilioni hizo hazitoki mbinguni. Zinatoka katika bili za maji: za hoteli, za kiwanda, za shule, na za mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha.

Najua kuna msikilizaji ambaye sasa amekunja uso. Anasema: Bwana, sisi si tuliochafua anga. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo kabisa ya moshi unaoipasha dunia joto. Kwa nini mjane wa Tanga alipe riba ya asilimia 13.5 kwa kosa la viwanda vya Ulaya, Marekani na China?

Ana haki kusema hivyo. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2020 ulifika ahadi haijatimia. Kwa hesabu za shirika la nchi tajiri zenyewe, OECD, ilitimia mwaka 2022, miaka miwili baadaye. Na ukizifungua fedha za umma zilizohesabiwa humo, takriban sehemu saba katika kumi zilikuwa mikopo. Yaani mtu amekuangushia ukuta, kisha anakuja kukukopesha matofali, halafu anaandika katika daftari lake kwamba amekusaidia. Mwezi Novemba 2024 huko Baku zikaahidi tena, safari hii dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo mwaka 2035. Ni wajibu wa wajumbe wetu kuidai ahadi hiyo bila haya, na kudai iwe msaada zaidi kuliko mkopo.

Lakini, ndugu yangu, kudai ni jambo moja na kukinga ndoo ni jambo jingine. Mtoto anayeharisha kwa maji machafu hawezi kusubiri mwaka 2035. Mamlaka ya maji inayokaa na kungoja Songdo na Baku itangoja huku mabomba yakioza. Ndiyo maana siwezi kuwalaumu Tanga kwa kwenda sokoni. Ninachotaka ni kwamba, madhali wananchi wa Tanga ndio walipaji, wajue wanalinda nini ili deni hili lisije likawa matanga.

Na wanachopaswa kukilinda kuliko vyote hakiko Tanga mjini. Kiko milimani, wilayani Muheza.

Maji ya Tanga hutoka mto Zigi. Mto huo huanzia katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, misitu ambayo wataalamu wa mimea wa dunia nzima wameijua tangu Wajerumani walipojenga kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902, na ambayo Serikali iliitangaza kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kutoka huko mto hushuka kupitia mashamba ya wanavijiji mpaka bwawa la Mabayani, na bwawani ndipo mitambo inapochukua maji. Msitu ukiwa mzima, mvua huingia ardhini na kutoka taratibu mwaka mzima. Msitu ukikatwa na kingo zikilimwa, mvua hubeba udongo na kuutupa bwawani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walifurika Sakale, huko huko kwenye vyanzo, wakitafuta dhahabu, na maji ya mto yakawa matope.

Sasa fikiri kama mfanyabiashara. Matope yakiongezeka bwawani, nafasi ya maji hupungua na dawa za kusafishia huongezeka. Maji yakipungua, bili hupungua. Bili zikipungua, mapato ya mamlaka hupungua. Lakini riba haipungui. Tarehe ikifika, mwenye hatifungani hataki kusikia habari za matope. Kwa hiyo dhamana ya deni lile la bilioni 53, katika maandishi, ni mapato ya mamlaka. Katika hali halisi, dhamana ni miti ya Amani na kingo za Zigi.

Na miti hiyo na kingo hizo ziko mikononi mwa nani? Ziko mikononi mwa mkulima wa iliki, migomba na mihogo ambaye hana bomba la Tanga UWASA nyumbani kwake, na ambaye pengine hajapata kuisikia hatifungani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ni nzuri. Ila kwa mtu mwenye shamba dogo lililo kandokando ya mto, mita 60 ni chakula cha watoto. Ukimwambia aziache kwa ajili ya watu wa mjini, naye ana haki ya kuuliza: na watu wa mjini wananiachia nini?

Wapo wakulima wa huko ambao hawakungoja kuulizwa. Wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, wakipanda miti na kulinda kingo, na Tanga UWASA imekuwa ikishirikiana nao. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini nasema lisibaki kuwa jambo la hisani, la kutoa miche siku ya kupanda miti na kupiga picha. Kama bili ya mjini inaweza kumlipa mwekezaji aliyeko Dar es Salaam asilimia 13.5 kila mwaka, bili hiyo hiyo iweze kutenga kiasi kinachojulikana, kilichoandikwa, kwa ajili ya mkulima anayelinda chanzo. Mwekezaji alitoa fedha zake mara moja. Mkulima anatoa shamba lake kila msimu. Wote wawili ni wakopeshaji wa mamlaka ile, ila mmoja tu ndiye mwenye hati.

Jambo la pili la kulindwa liko chini ya ardhi mjini, nalo ni uvujaji. Taarifa za EWURA, msimamizi wa huduma hizi, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mamlaka zetu za maji kwa ujumla hupoteza zaidi ya theluthi moja ya maji zinayozalisha, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupita katika mita mbovu. Maji hayo yamesafishwa kwa dawa na kusukumwa kwa umeme, kisha hayalipiwi. Mamlaka inayokopa ili iongeze maji bila kuziba matundu ni sawa na mtu anayejaza pipa lililotoboka kwa maji ya kununua. Kila bomba lililopasuka mtaani kwako, ambalo umelipita siku tatu ukisema kwamba si kazi yangu, linamwaga fedha zilizokopwa kwa riba ya asilimia 13.5.

Sasa turudi kwenye uangalizi, maana fedha bila macho hupotea hata zikiwa za kijani. Majirani zetu wa Kenya wana jambo la kutufundisha hapa. Kaunti ya Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, na Wajir nayo ikawa miongoni mwa za mwanzo. Utaratibu wao ni kwamba kaunti hutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili hiyo, na kamati za wananchi katika wodi ndizo zinazoamua kipi kitangulie: lambo, kisima, au bwawa la mchanga. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 150 ili mpango wa namna hiyo uenee nchini mwao. Hapa kwetu pia utaratibu unaofanana na huo ulijaribiwa katika wilaya za wafugaji kama Longido, Monduli na Ngorongoro. Mantiki yake ni rahisi. Mchungaji anajua ni lambo gani hukauka mwezi wa Septemba. Hakuna mshauri wa kigeni anayelijua hilo kuliko yeye. Kama mzee wa Magomeni angeulizwa, karakana isingejengwa Jangwani.

Sisi wa mijini je, tuna kamati gani? Tunayo nafasi moja ambayo wengi hatuitumii. Mamlaka ya maji haiwezi kupandisha bei kwa kutaka tu. Hupeleka maombi EWURA, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi ili wananchi watoe maoni. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo. Viti vya mbele hukaa maofisa, viti vya katikati hukaa waandishi wa habari, na viti vya nyuma huwa vitupu. Bei mpya ikitoka, wale ambao hawakuja ndio wanaopiga kelele zaidi vijiweni.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Tanga, na wewe wa Mwanza, Mbeya au Dodoma ambaye mamlaka yako huenda kesho ikafuata njia hiyo hiyo, siku ya taftishi nenda. Usiende kupiga kelele juu ya bei peke yake. Nenda na maswali matatu. La kwanza: fedha zilizokopwa zimejenga nini hasa, na leo tunapata mita ngapi za ujazo kwa siku? La pili: maji yanayopotea yamepungua kutoka asilimia ngapi hadi ngapi tangu mlipokopa? La tatu: mwaka huu mmepeleka shilingi ngapi kule chanzo cha maji kinakoanzia, na nani amezipokea? Mkurugenzi mwenye majibu ya maswali hayo matatu anastahili kulipwa bili yake kwa wakati, hata kama ni chungu. Asiye na majibu, mwambie kwa heshima kwamba utamngoja aende akayatafute.

Wasikilizaji wapenzi, miaka kumi ya deni hili itakwisha mwaka 2034. Mtoto aliyezaliwa Bombo mwaka ule hatifungani ilipouzwa atakuwa darasani, anajua kusoma na kuandika, na pengine ndiye atakayetumwa kwenda kulipia bili ya nyumbani. Akifungua bomba siku hiyo na maji yakatoka, deni litakuwa limelipwa kwa haki. Yakitoka matope, atatuuliza tulikuwa wapi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.